Katoyi: Volti Zinapotea Uani, na Jamaa ya Nyumba ya Mwisho Ndiyo Inayolipa

GOMA – Saa moja ya jioni katika mtaa wa Katoyi, komine ya Karisimbi. Katika nyumba ya mbele taa ni nyeupe, televisheni inasema, pasi imepata moto. Nyuma ya parsele hiyohiyo, kwenye nyumba ya sita ya mbao, balbu inapepesa. Mama aliyekimbia vita ameweka maharagi kwenye resho ya umeme tangu saa kumi, na bado ni magumu. Nyumba zote sita zinakula umeme wa mita moja. Mwisho wa mwezi zote zitaombwa pesa ileile.

Ukiuliza sababu, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: umeme wa kampuni ni dhaifu. Mwenye parsele anasema hivyo, fundi anasema hivyo, na jamaa ya nyumba ya sita nayo imezoea kusema hivyo. Jibu hilo ni jepesi mno. Katika parsele nyingi umeme unafika kwenye mita ukiwa na nguvu yake, halafu unapotezewa njiani, kati ya mita na mlango wa mwisho, kwenye waya mwembamba uliopita juu ya mabati na kwenye ua wa miti. Anayeupoteza si kampuni. Ni yule aliyenunua waya bila kuhesabu.

Na hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Kilomita nyingi zinahesabiwa, mita mia moja hazihesabiwi

Umeme unaowaka Goma unatoka mbali. Ule wa SNEL unatoka kwenye mto Ruzizi, karibu na Bukavu, ambako kituo cha kwanza kinafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ule wa Virunga unatoka Rutshuru, kwenye kituo cha Matebe kilichofunguliwa 2015. Njia zote mbili zinapita milimani na mashambani kilomita nyingi kabla ya kuona mji.

Kwa nini umeme huo haupotei wote njiani? Kwa sababu wahandisi walikaa chini wakahesabu. Waliupandisha hadi maelfu ya volti ili ampea ziwe chache, maana kinachokula volti ndani ya waya ni ampea, urefu na wembamba. Karibu na nyumba, transfoma inashusha volti hadi 220. Hapo ndipo kazi ya wenye hesabu inaishia, kwenye nguzo na kwenye mita.

Baada ya mita, kila mtu ni mhandisi. Mwenye parsele anatuma kijana Birere alete waya. Kijana analeta ule alioambiwa kuwa bei yake ni nzuri. Fundi anaufunga, taa inawaka, analipwa, anaondoka. Hakuna aliyeuliza ni mita ngapi, ni nyumba ngapi, wala ni vyombo gani vitawashwa. Kilomita zote kutoka Rutshuru zilihesabiwa moja moja, lakini mita 120 za mwisho ziliachiwa bahati.

Hesabu hii hapa, kila mtu aiandike

Chukua urefu wa waya kwa mita. Uzidishe kwa 2, kwa sababu umeme unakwenda na unarudi. Fundi anayehesabu kwenda tu amesahau nusu ya njia. Zidisha kwa ampea zinazopita. Zidisha kwa 0,0175, ambayo ni namba ya shaba. Kisha gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba, ule ambao mafundi wanauita moja na nusu, mbili na nusu, nne au sita. Unachopata ni volti zinazopotea njiani.

Kupata ampea, chukua wati zilizoandikwa kwenye chombo na ugawanye kwa 220. Resho ya wati 1000 inavuta ampea 4,5 hivi.

Sasa tazama parsele ya mfano, ya aina inayojulikana na kila mkaaji wa Katoyi. Nyumba sita zimepangana kwenye waya mmoja wa moja na nusu, kila moja mita 20 baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa mita 120 kutoka kwenye mita. Jioni kila nyumba inavuta ampea 2: taa, televisheni, redio, friji ndogo. Kipande cha kwanza cha waya kinabeba ampea 12 za watu wote. Cha pili kinabeba 10, cha tatu 8, hivyo hivyo hadi cha mwisho kinachobeba 2.

Fanya hesabu kipande kwa kipande. Nyumba ya kwanza inapoteza volti 5,6. Ya pili imekwisha kupoteza 10. Ya tatu 14. Ya nne karibu 17. Ya tano karibu 19. Ya sita 19,6. Kama mita inatoa 220, nyumba ya kwanza inapata zaidi ya 214 na ya sita inapata 200.

Hapo bado hakuna aliyepika. Mama wa nyumba ya sita akiwasha resho yake, ampea 4,5 zinapita kwenye mita zote 120 za waya, na upotevu wake mwenyewe unaongezeka kwa volti 12,6. Jumla ni 32. Anabaki na 188. Na yule wa nyumba ya kwanza? Resho ya jirani yake inampunguzia volti 2 tu. Hata hazioni. Ndiyo sababu mwenye parsele anaapa kwamba umeme uko mzuri na wapangaji wanapenda kulalamika. Yeye hasemi uongo. Anasema anachokiona kutoka kwenye kiti chake.

Kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi, za IEC na zile za Ufaransa ambazo mafundi waliosoma kwa Kifaransa wanazijua, zinashauri upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vyombo vingine. Kwa volti 220, asilimia 5 ni volti 11. Nyumba ya sita inapoteza karibu mara tatu ya hiyo.

Volti 32 si mchezo

Kuna watakaosema: 188 au 220, tofauti ni nini, taa si inawaka? Taa inawaka, ndiyo. Chaja ya simu nayo itajaza simu, maana nyingi zimeandikwa kwamba zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240. Hapo ndipo udanganyifu unapojificha. Vyombo vidogo havilalamiki. Vinavyolalamika ni vile vya kupikia na vyenye mota.

Joto la resho halipungui sawa na volti, linapungua zaidi. Volti zikipungua asilimia 15, joto linapungua zaidi ya robo. Resho ya wati 1000 inakuwa ya 730. Mama anangoja, watoto wanalala kabla ya chakula, na kesho yake anarudi kununua makala. Katika mji huu watu wanahimizwa kila siku waache makala na wapike kwa umeme ili miti ya mbuga ya Virunga isimalizike. Maneno hayo ni mazuri. Lakini anayepewa umeme uliokatwa mguu hawezi kuacha makala. Atalipa mara mbili: umeme kwa mwenye parsele, makala sokoni.

Friji na mashini yoyote yenye mota ni mbaya zaidi. Mota ikikosa volti inavuta ampea nyingi, inapata joto, na siku moja inanyamaza. Mama anayeuza maji baridi na juisi anapoteza mtaji wote kwa usiku mmoja, na hakuna atakayemrudishia.

Kisha kuna moto. Hapa hesabu ileile inazungumza kwa sauti nyingine. Resho ya pili ikiwashwa kule mwisho, kipande cha kwanza cha waya kinabeba ampea 21, wakati waya wa moja na nusu unatakiwa kulindwa na disjonkteri isiyozidi ampea 16. Disjonkteri inakata kila jioni. Wapangaji wanapiga kelele. Fundi anakuja, anatoa ile ya 16, anaweka ya 20 au ya 32, na kelele zinakwisha. Amewanyamazisha watu, hakuwatengenezea umeme.

Na tuseme siku moja nyaya zikigusana katika nyumba ya sita. Waya ule wa mita 120, kwenda na kurudi, una kizuizi cha omu 2,8. Gawanya 220 kwa 2,8: unapata ampea 79 tu. Disjonkteri ya kawaida ya aina ya C yenye ampea 20 inataka kati ya ampea 100 na 200 ili ikate papo hapo. Kwa 79 itasubiri kwanza ipate joto yenyewe. Ile ya 32 itasubiri zaidi. Wakati huo waya unaungua juu ya ukuta wa mbao. Goma inajua nyumba za mbao zinavyoungua: ikianza moja, zinafuatana. Tena aliye katika nyumba ya mwisho ndiye mwenye njia ndefu zaidi ya kutoka.

Visingizio vitatu

Cha kwanza ni kile cha kampuni. Ni kweli kwamba kuna jioni ambapo umeme wenyewe unafika ukiwa dhaifu, transfoma ikiwa imebeba nyumba nyingi kuliko uwezo wake. Hakuna anayekataa. Lakini jambo hilo linapimwa, halibishaniwi. Fundi mwenye kipimo apime volti kwenye mita saa moja ya jioni, kisha apime kwenye nyumba ya mwisho saa ileile, vyombo vikiwa vimewashwa. Kama kwenye mita kuna 190, mwenye kosa ni yule aliye upande wa nguzo, na wakaaji wana haki ya kumwendea wakiwa na namba mkononi. Kama kwenye mita kuna 218 na mwisho kuna 186, zile 32 ziko ndani ya parsele. Namba mbili kwenye karatasi zinamaliza ugomvi wa mwaka mzima.

Cha pili ni bei. Waya wa sita ni ghali, wanasema. Ni kweli pia. Lakini tazama kinachopotea. Katika mfano ule, kabla hata ya resho, waya wa moja na nusu unakula wati 170 kwa kujipasha joto tu. Saa 4 kila jioni kwa mwezi mzima ni karibu kilowati-saa 20. Kila mtu azizidishe kwa bei anayolipa. Waya wa sita ungekula robo yake, 5 tu. Kilowati-saa 15 kila mwezi zinanunuliwa kwa pesa halali, halafu zinapasha joto ukuta. Waya mnene unanunuliwa mara moja. Mwembamba unanunuliwa kila mwezi, bila risiti.

Tena si lazima waya wote uwe mnene. Mti una shina na matawi. Shina linalotoka kwenye mita na kupita mbele ya nyumba zote liwe la sita. Matawi mafupi yanayoingia nyumbani yanaweza kuwa membamba. Kwa shina la sita, nyumba ya mwisho inapoteza volti 5 badala ya karibu 20, na hata mama akiwasha resho haivuki volti 8 na kidogo. Hiyo iko ndani ya kanuni. Nayo nyaya nene za aluminiamu zilizosokotwa, zile zinazotumika kutoka kwenye nguzo hadi nyumbani, zinafaa pia kwa shina: za 16 zinafanya kazi sawa na shaba ya 10.

Kisingizio cha tatu husemwa kwa sauti ya chini, lakini kinasemwa. Eti wale wa nyuma ni wakimbizi, ni wa kupita, kesho watarudi kwao, kwa nini mtu awekeze waya kwa ajili yao? Hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Jamaa nyingi zilizo nyuma ya parsele za Katoyi zilitoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo tangu vita viliporudi 2022. Nyingine zimehamia kwa ndugu na kwenye nyumba za kupanga tangu kambi za kandokando ya mji zilipovunjwa mwezi wa pili 2025. Kuna wanaongojea kurudi tangu 2022. Mtu aliyelipa kodi miezi yote hiyo si wa kupita. Na hata angekuwa wa kupita, pesa yake haipiti: inabaki mfukoni mwa mwenye parsele. Kama pesa ya mkimbizi ni pesa kamili, volti zake nazo ziwe kamili.

Bei sawa kwa kitu kisicho sawa

Tatizo kubwa liko katika namna ya kugawa malipo. Katika parsele nyingi kila nyumba inatoa kiasi kimoja. Mtu atasema hiyo ni haki, wote sawa. Lakini wa kwanza ananunua volti 212 na wa sita ananunua 188. Sokoni, mama akiuza kopo la unga lililojazwa kwa mmoja na lililopungua kwa mwingine, kwa bei moja, watu watamwita mwizi hadharani. Kwenye umeme tunda lile lile linaitwa ujirani mwema.

Pale penye mita ndogo kwa kila nyumba, ubaya unabadilika sura. Jumla ya mita ndogo inakuwa chini ya mita kubwa. Tofauti ile inagawiwa wapangaji, na wanaambiwa kuna anayeiba. Wanatazamana vibaya. Watu wa lugha moja wanashuku wa lugha nyingine, wenyeji wanashuku waliokuja. Kumbe mwizi ni waya, tena hesabu ingemtaja kabla hajafungwa. Katika mji ambao umekwisha kuwa na sababu nyingi za watu kuogopana, kuongeza moja kwa ajili ya waya wa moja na nusu ni upuuzi.

Kinachotakiwa kufanywa

Fundi asikubaliwe kufunga waya kabla ya kuandika mistari minne nyuma ya risiti: urefu, ampea, unene, na volti zitakazopotea. Asiyeweza kuiandika si fundi, ni mfungaji. Wapo mafundi wazuri Goma, waliosoma na wanaojua hesabu hii kuliko inavyoelezwa hapa. Hao ndio wanaopoteza kazi kila siku kwa sababu bei yao inashindwa na ya anayekisia. Wakaaji wakianza kudai karatasi, kazi itarudi kwao.

Mnunuzi aangalie waya wenyewe. Kuna nyaya zinazong'aa kama shaba lakini ndani ni aluminiamu. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona nyeupe chini ya wekundu, namba 0,0175 haifai tena, upotevu unazidi kwa kiasi cha nusu hivi. Waya wa namna hiyo ukiuzwa kwa bei ya shaba, ni wizi wa mchana.

Mwenye parsele anayeuza umeme ni mfanyabiashara, na gharama ya shina ni yake. Akishindwa kuitoa mara moja, nyumba sita zikubaliane kuchanga na kukata mchango huo kwenye kodi, mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, kwa maandishi. Mpaka shina litakapowekwa, nyumba za mwisho zilipe chini ya zile za mbele. Na disjonkteri iliyobadilishwa ili kunyamazisha kelele irudishwe ile inayolingana na waya, leo, siyo kesho.

Kampuni za umeme nazo zina sehemu yao. Mita 120 ndani ya parsele zinatokea kwa sababu nguzo iko mbali na mita ni moja. Kila nguzo inayosogea na kila jamaa inayopata mita yake inapunguza urefu, na urefu ukipungua nusu, upotevu unapungua nusu. Kuchimba kwenye mawe ya volkano ni kazi ngumu, kila mtu Goma anajua. Lakini mawe hayo hayajazuia mtu kujenga.

Wakuu wa mtaa wanaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama: kuchagua jioni moja, kumwita fundi mwenye kipimo, na kupita parsele kwa parsele wakiandika namba mbili, ya kwenye mita na ya nyumba ya mwisho. Orodha ile ikibandikwa ofisini, kila mmoja atajua umeme wake unapotelea wapi. Mpangaji mwenyewe asiguse nyaya kwa mikono. Kazi yake ni kudai kipimo na kusoma namba.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mji mzima ulikaa siku kadhaa bila umeme, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kufanya kitu. Wakati huu ni tofauti. Umeme upo, umefika hadi kwenye ukuta wa mbele. Zimebaki mita 120, kalamu, karatasi, na mtu mmoja wa kuzidisha kwa mbili.